Kisumu hadi Zanzibar bila ndege: sisi tulipitia Mwanza, hatukupitia Nairobi

MjukuuWaMiwani (Kisumu)

Wakuu, salamu. Mwishoni mwa mwaka niliuliza humu kama mtu wa Kisumu anaweza kufika Zanzibar kwa treni na meli, begi mgongoni, bila kukanyaga uwanja wa ndege. Nilijibiwa na watu wengi na wote wakaimba wimbo mmoja: panda gari la Nairobi, chukua SGR, ile treni ya reli mpya, ya Mombasa, halafu uteremke na pwani. Nikashukuru. Kisha nikafungua ramani, nikajiuliza mbona nipande milima yote ya Mau kwenda Nairobi ilhali ziwa letu lenyewe linaishia Mwanza, na Mwanza kuna reli inayokwenda hadi Dar es Salaam.

Basi Januari mimi na binamu yangu tukaondoka. Naandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kutoka Kisumu hadi Isebania mpakani njia mnaijua: Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Migori. Magari ni ya kuunganisha na hakuna cha kusimulia, isipokuwa ukifika Kisii ukiwa na njaa ununue ndizi hapo hapo, mbele bei inapanda.

Mpakani mnaingia jengo moja, mnagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania bila kutoka nje. Mambo mawili. Kwanza, pasipoti. Uganda na Rwanda tumezoea kwenda na kitambulisho, Tanzania hapana. Tulimwona kijana mmoja na begi zuri kabisa akirudi Migori huku akimpigia dada yake simu. Pili, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Yangu ilitazamwa mpaka tarehe.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Ukitoka tu kwenye lile jengo, upande wa Sirari, kuna wabadilisha pesa wamesimama na mabunda mkononi. Shilingi yetu moja ni kama ishirini zao, kwa hiyo ukibadilisha elfu kumi unapewa bunda linalokufanya ujione tajiri. Yule bwana alinihesabia mbele ya macho yangu, kwa sauti, noti ya elfu kumi moja baada ya nyingine, ishirini kamili. Akanipa. Nikahesabu kwenye gari: kumi na saba. Binamu yangu akacheka, akachukua noti, akanionyesha mchezo wenyewe. Noti tatu zilikuwa na mkunjo katikati. Ukiikunja noti hivyo na kuificha ndani ya bunda, kidole kinapita kwenye ncha zake mbili, nayo inahesabika mara mbili. Yeye aliona, ila alidhani na mimi nimeona. Mpaka leo hatujamaliza hilo jambo.

Sirari hadi Mwanza ni Tarime, daraja la Mto Mara, Bunda, Lamadi, Magu. Karibu na Lamadi barabara inapita ubavuni mwa Serengeti na tuliona pundamilia wakila majani kama ng'ombe wa jirani. Hakuna aliyegeuka kwenye gari isipokuwa sisi.

Mwanza tulilala. Jioni nikaenda mwaloni kununua samaki na hapo ndipo nilipojua kwamba nimetoka kwetu. Ziwa ni lile lile, upepo ule ule, samaki ndio hao hao, lakini nikisema omena wananitazama. Kwao ni dagaa. Ngege anaitwa sato. Mbuta ni sangara. Na nikakosea jambo la pili: nikamwambia mama wa watu "nipe sato mmoja." Akanipa, ila uso ulibadilika. Kijana aliyekaa pembeni akaniambia taratibu, "Kaka, huku tunasema naomba." Kuanzia hapo niliomba kila kitu, hata chenji yangu.

Treni. Haiondoki kila siku, kwa hiyo safari nzima ipangeni kuanzia siku ya treni mkirudi nyuma, msipange kuanzia siku ya likizo. Kuna daraja la tatu, la kukaa, na kuna vyumba vya kulala vyenye vitanda sita, vitatu kila upande. Wanaume hulala na wanaume, wanawake na wanawake, hata mkiwa mke na mume, labda mchukue chumba chote. Chumba chetu kilikuwa na fundi cherehani wa Shinyanga, mwanafunzi, na mzee mmoja ambaye hatukumwona uso mpaka asubuhi kwa sababu aliingia, akapanda kitanda cha juu kabisa, akajifunika shuka hadi utosini.

Hii si treni ya kwenda mbio. Inakwenda kama mtu anayezungumza na wewe. Pembeni unaiona SGR mpya ikijengwa, tuta jekundu lililonyooka, wakati sisi tunazunguka mawe kama mbuzi. Kila kituo kina soko lake. Huhitaji kushuka, unafungua dirisha na soko linakuja lenyewe likiwa kichwani: mihogo, mayai, karanga, maji. Kanuni moja tu, uwe na pesa ndogo ndogo. Ukitoa noti kubwa na treni ikaanza kusogea, hapo imani ya mtu inapimwa.

Tabora njia ya Kigoma inakutana na ya Mwanza, na treni hukaa kidogo. Tabora ni asali. Madumu kwa madumu, asali ya miombo, nyeusi kama chai ya rangi. NAWASIHI msinunue mkiwa mnakwenda. Binamu yangu alinunua dumu la lita tatu na tukalibeba hadi Zanzibar na kurudi. Nunueni mkirudi.

Saranda, kabla ya kufika Dodoma, ni kuku. Sitaeleza. Mtaona watu wazima wakianza kuvaa viatu nusu saa kabla.

Dodoma tulishuka, tukalala, na asubuhi tukachukua SGR yao hadi Dar. Ile ya umeme, inafika kilomita 160 kwa saa. Safari ya kule nyuma ilitula usiku na mchana, na hii ya Dodoma hadi Dar ikaisha kabla sijamaliza usingizi. Nilisikitika kidogo, kusema kweli.

Dar, tiketi ya meli kateni ndani ya ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa mtu aliyevaa kitambulisho shingoni pale nje. Ni kama saa mbili majini. Ukifika Unguja unaonyesha pasipoti tena, usiifungie chini ya begi.

Zanzibar wenyewe mmeona picha, sina la kuongeza. Kuna jua. Ulizeni.

---

Shabab_Nakuru (Nakuru)

Uzi mtamu, lakini acha kuwapoteza watu. Hebu tuhesabu. Mimi niko Nakuru. Asubuhi napanda gari, mchana niko Nairobi. Saa nne usiku treni inatoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, kilomita 472, na kabla jogoo hajawika niko Miritini, stesheni ya Mombasa. Daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 1,000. Feri ya Likoni mtembea kwa miguu halipi hata senti. Upande wa pili nadaka basi la Dar kupitia Lunga Lunga na Tanga. Wewe ungali Shinyanga unaulizana majina na fundi cherehani.

Ubaya wa hii yangu ni mmoja: kuteremka Miritini saa tisa na nusu usiku na begi mgongoni. Bora ukae ndani ya stesheni mpaka kupambazuke.

MjukuuWaMiwani

@Shabab_Nakuru kwa mtu wa Nakuru nakubali. Nakuru tayari umeshapanda nusu ya mlima. Mimi niko usawa wa ziwa. Halafu kwenye njia yako reli ni usiku mmoja, umelala umekaa, nje giza, Tsavo yote unaipita huoni hata tembo. Kilichobaki ni basi. Mimi nilisema naenda kwa TRENI.

Shabab_Nakuru

Panda ya saa mbili asubuhi basi, ile inayosimama vituo vyote. Tembo utawaona mpaka uwachoke.

Bi_Mdogo_Milimani (Kisumu)

Na ile treni yetu ya Kisumu mbona mnaipita kimya? Ilipofufuliwa Desemba 2021 nilipanda. Ilikuwa inatoka Nairobi Ijumaa jioni, asubuhi unaamkia miwa: Muhoroni, Chemelil, Miwani, Kibos. Nilikuwa nimepita Miwani kwa barabara maisha yangu yote na sikujua kwamba nyuma ya kile kiwanda kuna stesheni. Mtu akiipata ikiwa inafanya kazi aunganishe na ya Mombasa, hapo atakuwa ametoka ziwani hadi baharini kwa reli tupu, kama walivyokusudia walioijenga.

Mzee_wa_Landhi (Kisumu)

Vijana, mmenikumbusha mbali. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, jina la mke wa injinia Preston. Lakini haikuwa imekusudiwa iishie hapa. Mwisho wa reli ulikuwa mwanzo wa meli. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za reli, baba akiwa bandarini, na tiketi ya kwenda Mwanza ilikuwa kitu cha kawaida kama leo mtu anavyokwenda Kakamega.

Meli ya Victoria iliunganishwa hapa hapa Kisumu, vipande vikiwa vimeletwa kutoka Scotland, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilizunguka ziwa lote, Kisumu, Mwanza, Bukoba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikavuta upande wake, na Victoria ikabaki Tanzania. Kwa hiyo kijana, hayo magari ya kuunganisha uliyopanda hadi Mwanza, sisi tulikuwa tunalala usingizi, tunaamka tumefika.

MjukuuWaMiwani

Jaduong', asante sana. Nimeiona Victoria! Iko Mwanza, ilikarabatiwa na kurudi kazini 2020, inakwenda Bukoba. Nilipita mbele yake nikaipiga picha bila kujua kwamba ni ya nyumbani.

Mzee_wa_Landhi

Iweke hapa hiyo picha.

MjukuuWaMiwani

[picha imeambatishwa] Samahani kidole changu kimeingia.

Mzee_wa_Landhi

Kidole hakidhuru. Wamebadilisha rangi. Bomba lile la moshi ndilo hilo hilo.

Suba_wa_Visiwani (Mbita)

Nimesoma yote nikinyamaza lakini sasa nitasema. Watu wa Kisumu mnavuka mipaka, mnaibiwa na wabadilisha pesa, mnabeba asali wiki nzima, kutafuta kisiwa chenye jua. Shuka Luanda Kotieno, panda feri, saa moja hivi uko Mbita. Rusinga unaingia kwa daraja. Hapo kuna kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, na hapo ndipo mtafiti Mary Leakey alipookota fuvu la Proconsul, yule nyani wa kale, mwaka 1948. Boti ya Mfangano inakupeleka kwenye michoro ya mapangoni, Kwitone na Mawanga. Takawiri kuna mchanga mweupe na minazi. MINAZI, ndugu zangu, ziwani. Unaondoka Jumamosi na Jumapili jioni umerudi kwako.

Bi_Mdogo_Milimani

Takawiri nimefika, ni kweli pazuri. Ila kaka Suba, waambie na la kichocho.

Suba_wa_Visiwani

Mtu akitaka kuogelea aende Zanzibar.

Shabab_Nakuru

😂😂 Ndiyo hayo hayo tunayosema!

Suba_wa_Visiwani

Nimesema kisiwa chenye jua. Sikusema bafu. Kaa ndani ya boti, maji yabaki nje. Na ukirudi ukiwa na wasiwasi, dawa yake ipo, kapime.

Mwalimu_Khwisero (Kakamega)

Wakuu nina swali la kweli, si la utani. Mama yangu ana miaka 63, amestaafu ualimu, na tangu niko shule ya msingi anasema kabla hajafa ataona Zanzibar. Ndege hataki. Meli pia anaiogopa, hajasahau kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, lakini anasema saa mbili atavumilia akiwa na rozari. Njia ipi inamfaa, ya Mwanza au ya Mombasa? Magoti yake si mazuri.

Shabab_Nakuru

Mombasa, bila kufikiri mara mbili. Siti, choo, unafika.

MjukuuWaMiwani

Mwalimu, nitakujibu kwa uaminifu ingawa napenda njia yangu. Kitu cha kuangalia ni kitanda. Kwenye chumba cha sita, cha juu unapanda kwa ngazi ndogo ya chuma, na treni ikiyumba hata mimi nilishikilia. Mama apate cha chini. Kisha kumbuka hamtalala chumba kimoja, yeye atakuwa na kina mama. Hilo usilione baya. Usiku nilipita kwenye ujia nikasikia chumba cha wanawake wakicheka mpaka saa nane, chetu sisi sote tunatazama dari.

Kuhusu magoti: Mombasa hadi Dar ni basi la siku nzima, magoti yamekunjwa. Treni anaweza kusimama, kutembea hadi behewa la chakula, kulala amenyooka. Mimi ningemsikiliza yeye anataka nini.

Mtu_wa_Igoma (Mwanza)

Karibuni Mwanza jamani. Naongezea kwa mwalimu. Mnunulie mama laini ya huku mpakani au mkifika mjini, ila mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, mwende wote wawili. Mzoeze "shikamoo." Huku mtoto wa duka akimwamkia shikamoo na yeye akajibu "sijambo," tutajua tu katokea wapi. Na nauli za meli kuna ya wageni na ya wenyeji, uliza dirishani kabla hujatoa pesa.

Mwalimu_Khwisero

Nimemsomea uzi wote, pamoja na wa Takawiri. Amecheka hapo kwa kichocho. Amesema maamkizi anayajua, amefundisha Kiswahili miaka 31 na amechoka kusahihisha "marahaba" kwenye karatasi bila kuambiwa shikamoo na mtu hata mmoja. Anataka treni ya Mwanza.

Wakuu, twende mwezi gani? Ana likizo ya maisha, mimi nina zile za shule tu.

MjukuuWaMiwani

Aprili iepukeni, ni masika. Mvua Zanzibar, na reli ya kati huwa inasombwa na mafuriko kule Kilosa na Morogoro mvua zikizidi, hivyo hata safari inaweza kukwama. Agosti ni jua lakini kusi inavuma, na meli itacheza kidogo. Mkae katikati, chini, na mama asile chapati kabla. Desemba mwishoni vuli inaisha na kaskazi inaanza, bahari imetulia, ila watu wote wa dunia wapo pale na vyumba ni ghali. Treni ndiyo nafuu kuliko vyote kwenye safari hii. Pesa yangu ililiwa na meli na vyumba.

Mkifika mjini Unguja msichukue teksi ya kwanza. Jambiani ni daladala namba 309, Nungwi ni 116. Ni ya mbao pembeni, mnakaa mnatazamana, mizigo inapandishwa juu. Jioni mle urojo. Na nguo za kufunika mabega mitaani, mama hilo hahitaji kufundishwa, wewe ndiye nakuambia kaptula uiache ufukweni.

Mwalimu_Khwisero

Agosti basi. Asanteni wote, hata Shabab.

Shabab_Nakuru

Karibu. Mkikwama Shinyanga msinipigie.

*(baada ya miezi kadhaa)*

Mwalimu_Khwisero

Wakuu, uzi haujafungwa? Naandika nikiwa kwenye treni, tumesimama Tabora. Mpakani nilimsimamia mbadilisha pesa nikamwomba afungue bunda kama karata, akanitazama, akacheka, akaniambia "wewe umesoma mahali." Mama yuko chumba cha tatu mbele yangu. Kuna muuguzi wa Nzega, mwanafunzi wa sekondari anayemsaidia na ngazi ingawa kitanda chake ni cha chini, na tayari mama ameshamsahihisha mtu sarufi.

@MjukuuWaMiwani nilimwonya mama kuhusu asali kuanzia Mwanza, nikamkumbusha tena asubuhi. Nilikwenda kuchota maji nikirudi namkuta dirishani ameshalipa. Lita tano. Anasema hajui kama atapita hapa tena.

MjukuuWaMiwani

Nani anabeba?

Mwalimu_Khwisero

Sasa hiyo nayo ni swali?